Kusafiri au Kuahirisha? Jinsi ya Kuamua Maandamano Yanapoangukia Siku ya Safari Yako

Nafanya kazi ya uwakala wa tiketi za ndege hapa Nairobi, na tangu Juni 2024 swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Kesho kuna maandamano, nisafiri au niache?" Anayeuliza hutaka jibu la neno moja. Silitoi, kwa sababu jibu linategemea anatoka wapi, tiketi yake ina masharti gani, na ni nini kitakachoharibika akichelewa siku tatu. Huu hapa ni utaratibu ninaoufuata na abiria wangu. Mifano mingi ni ya uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA), lakini aliye Dar es Salaam, Entebbe au Bujumbura ataweza kuufuata kwa kubadilisha majina ya barabara.

Hatua ya 1: Ikate safari vipande vipande

Chukua karatasi uandike: nyumbani hadi mjini, mjini hadi uwanjani, ndani ya uwanja, ndege yenyewe, mahali pa kuunganisha ndege, uwanja wa kushukia, na barabara ya kutoka huko. Kando ya kila kipande andika kinachoweza kukikwamisha.

Ukisema tu kwamba hali ni mbaya, hujajua bado cha kufanya. Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji wanaopinga Mswada wa Fedha (mapendekezo ya kodi ya serikali) walipoingia Bungeni, JKIA haukufungwa. Shida ilikuwa kuufikia. Tarehe 11 Septemba mwaka huohuo mambo yalikuwa kinyume. Barabara zilipitika, lakini wafanyakazi wa uwanja waliweka vifaa chini kupinga mpango wa kuukodisha kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30, na abiria wakaketi nje juu ya mizigo yao hadi mgomo ulipositishwa jioni. Waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wenyewe ndio uliofungwa, na wasafiri wakawa wanavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, na kushika barabara ya Kigali. Dar es Salaam, siku ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata, vipande vingi vilikatika kwa pamoja: amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, intaneti kuzimwa nchi nzima, na safari za ndege kufutwa.

Kwa hapa Nairobi, kipande kinachokatika mara nyingi zaidi ni barabara. Watu hukesha wakitazama ratiba ya ndege ilhali ndege itaondoka kwa wakati na wao wamekwama njiani.

Hatua ya 2: Pima hasara ya kuchelewa siku tatu

Usijiulize kama safari ni muhimu. Kila safari ni muhimu kwa mwenyewe. Jiulize: nikifika siku tatu baadaye, nitapoteza nini hasa? Kutembelea dada yako Muscat kunaweza kungoja. Mgonjwa mwenye tarehe ya upasuaji India anapaswa kuipigia simu hospitali leo na kuuliza kama wanaweza kuisogeza. Wengi hawaulizi kabisa, wanadhani haiwezekani. Mwenye viza aitazame tarehe ya mwisho ya kuingia, maana viza ikiisha muda tiketi mpya haimsaidii. Mwanafunzi aandikie chuo barua pepe kuuliza siku ya mwisho ya kuripoti.

Kama hasara ni pesa tu, iandike kwa tarakimu. Ukishaiona kwenye karatasi, utaweza kuilinganisha na gharama ya kulala karibu na uwanja au faini ya kubadilisha tarehe.

Hatua ya 3: Soma kalenda, halafu soma saa ya tiketi

Kuna tarehe zinazojulikana mapema. Kenya ni 25 Juni, kumbukumbu ya siku ile ya Bunge, na 7 Julai, Saba Saba, kumbukumbu ya maandamano ya 1990 ya kudai vyama vingi. Kuna majuma ya kujadili Mswada wa Fedha, na uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika 10 Agosti 2027. Ukiweza, usinunue tiketi ya siku hizo wala ya siku inayofuata.

Nasema siku inayofuata kwa sababu maalumu. Ndege nyingi za kwenda Ulaya na Ghuba huondoka Nairobi usiku wa manane. Tiketi iliyoandikwa 8 Julai saa 00:30 ni safari ya kutoka nyumbani tarehe 7 Julai jioni, yaani jioni ya Saba Saba yenyewe. Wapo wanaotulia kabisa wakidhani wamekwepa siku ya maandamano.

Kuhusu migomo, sheria ya kazi ya Kenya inadai chama cha wafanyakazi kitoe notisi ya siku saba, kwa hiyo habari huwa magazetini kabla. Lakini mgomo ulioahirishwa haujafa. Notisi ya wafanyakazi wa JKIA ilitolewa Agosti 2024, wakaahirisha, watu wakasahau, kisha Septemba ukaja kweli.

Hatua ya 4: Usifute tiketi kabla ya shirika kufuta safari

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa zaidi, kwa hiyo soma polepole.

Shirika likifuta safari, kwa kawaida una haki ya kurudishiwa nauli au kupewa safari nyingine. Ukifuta wewe kwa hofu, unaangukia masharti ya tiketi yako, na tiketi ya bei nafuu mara nyingi hairudishiwi chochote. Kwa hiyo abiria wawili wa ndege ileile wanaweza kupata matokeo tofauti kabisa: mmoja alifuta asubuhi, mwingine akangoja, na mchana shirika likafuta lenyewe.

Kabla ya kufuta, pigia shirika simu uulize hivi: "Je, kuna ruhusa ya kubadilisha tarehe bila faini kwa sababu ya hali ya siku hii?" Panapotokea vurugu, mashirika mengi hutoa ruhusa ya namna hiyo kwa tarehe chache zilizotajwa, na haitangazwi kwa sauti kubwa. Ukiuliza tu kama unaweza kubadilisha, utatajiwa faini ya kawaida. Kama ulinunua kwa wakala, mpigie wakala kwanza, maana mara nyingi shirika halitaigusa tiketi aliyoitoa yeye.

Mambo mengine ya kukagua siku hiyohiyo:

- Kukosa kutokea uwanjani bila taarifa kunaweza kufuta hata tiketi yako ya kurudi. Usinyamaze kamwe.
- Kama una tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, tuseme Kisumu–Nairobi na Nairobi–Doha, ya kwanza ikichelewa shirika la pili halina wajibu wowote kwako. Zikiwa katika tiketi moja, ni jukumu lao kukufikisha.
- Bima ya safari: tafuta ibara ya machafuko na migomo. Bima nyingi hazilipi kwa tukio lililokwisha kutangazwa kabla hujainunua.
- Ukiondoka katika uwanja wa nchi ya Umoja wa Ulaya, au ukielekea huko kwa shirika la huko kama KLM au Air France, unalindwa na Kanuni 261 ya mwaka 2004. Ndege ikifutwa kwa sababu ya machafuko huenda usipate fidia ya pesa, lakini wanapaswa kukupa chaguo la kurudishiwa nauli au njia nyingine, pamoja na chakula na malazi unapongoja. Wengi hulala sakafuni bila kuyadai haya.

Hatua ya 5: Jiwekee nyakati tatu za kuamua

Kuamua kila dakika kunachosha na huzaa maamuzi mabaya. Weka nyakati tatu tu.

Saa 72 kabla: je, kuna tarehe nyingine yenye nafasi? Kama ipo na ruhusa ya kubadilisha bila faini imetolewa, na hasara yako ya Hatua ya 2 ni ndogo, badilisha sasa. Viti hujaa haraka kila mtu anapoamka.

Saa 24 kabla: amua utalala wapi.

Saa ya kutoka: je, barabara inapitika? Usijibu kwa video ya WhatsApp. Video za mwaka jana husambazwa upya kila maandamano, na moshi hauna tarehe. Mpigie mtu aliye barabarani sasa hivi: dereva wa teksi unayemjua, mwendesha bodaboda wa steji ya Embakasi, jamaa anayeishi Syokimau. Kisha tazama ujumbe wa shirika lako na taarifa za Mamlaka ya Viwanja vya Ndege.

Hatua ya 6: Sogea karibu na uwanja siku moja kabla

Kama umeamua kusafiri, hatua hii ndiyo inayookoa safari nyingi kuliko nyingine zote. Alfajiri ya 7 Julai 2025 polisi waliweka vizuizi kwenye barabara kuu za kuingia Nairobi, na mabasi yaliyosafiri usiku kucha kutoka magharibi yakakwama Kabete. Abiria wa ndege aliyekuwa ndani yake hakuwa na la kufanya. Ukitoka Kakamega, Kitale au Kisumu, uwe umeshafika Nairobi mchana wa siku iliyotangulia.

Atokaye Mombasa ana nafuu: treni ya SGR (reli mpya ya Mombasa–Nairobi) humshusha Syokimau, upande wa uwanja, bila kupita katikati ya mji. Mtu wa Pwani pia aulize mapema kama anaweza kuruka kutoka Mombasa moja kwa moja, kwa mfano kupitia Addis Ababa, asiiguse Nairobi kabisa.

Unapochagua pa kulala usitazame kilomita peke yake. Mlolongo ni karibu, lakini Julai 2023 waandamanaji waliharibu kituo cha kulipia cha barabara ya Expressway hapohapo. Na usitegemee sana njia ya mpakani. Namanga, mpakani na Tanzania, hupendwa na wanaokwenda kuruka kutoka uwanja wa Kilimanjaro, lakini Oktoba 2025 Namanga penyewe palikuwa na vurugu.

Hatua ya 7: Funga begi kama mtu atakayekosa mtandao

Chapisha tiketi kwenye karatasi. Wakati wa kafyu ya Korona hapa Kenya, tiketi ndiyo iliyompitisha abiria na dereva wake kwenye vizuizi, na simu iliyozimika haikumsaidia mtu. Beba pesa taslimu za kutosha teksi, chakula na usiku mmoja wa malazi. Dawa za siku tatu au nne ziwe kwenye begi la mkononi, pamoja na maji na chaja ya kubebea. Andika nambari za simu za familia, wakala na shirika kwenye karatasi hiyohiyo.

Kwenye kizuizi, shusha kioo, washa taa ya ndani ikiwa ni usiku, toa tiketi na kitambulisho. Usirekodi video.

Hatua ya 8: Weka sharti la kugeuka, na ulitii

Siku ile ya 7 Julai 2025 watu zaidi ya 30 waliuawa, kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani, kubalianeni na dereva, na pia na mzazi au mwenzi anayekusindikiza: tukisikia risasi, tukiona moshi wa mabomu ya machozi mbele au magari yakigeuka, tunageuka. Mkubaliane mkiwa bado sebuleni, kwa sababu ndani ya gari, saa ikienda mbio, kila mtu husema "tusogee kidogo tu".

Mkigeuka, usingoje kufika nyumbani. Piga simu ukiwa hapohapo, kabla kaunta ya mizigo haijafungwa: "Sitaweza kufika kwa sababu ya barabara, naomba mnitoe kwenye safari hii na mniachie tiketi wazi." Uliza jina la anayekuhudumia, andika saa ya simu, kisha tuma ujumbe wa maneno yaleyale kwa barua pepe au kwa wakala wako. Kumbukumbu hiyo ndiyo itakayotumika kesho yake kukutafutia kiti kingine.