Somo: Neno "table" si meza tu (someni kabla ya kuniuliza tena)

Mbukwenyi wote.

Kila mwaka, Aprili mpaka Juni, Bunge la Bajeti likiwa limepamba moto hapa Dodoma, naulizwa jambo lile lile: gazeti la Kiingereza limeandika waziri "tabled" makadirio yake, sasa hiyo meza imeingiaje? Nimelijibu dirishani kwangu ninapochapa na kutafsiri barua za watu, nimelijibu kwa simu, nimelijibu hadi saa nne usiku. Leo naliandika lote. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Tazama kwanza kama ni jina au ni kitendo. Likitanguliwa na "a" au "the" ni jina. Likiwa na "-ed" mwishoni, au likitanguliwa na "to" tupu, mara nyingi ni kitendo.

Hatua ya 2. Likiwa jina, ni meza au jedwali. Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini "tabula", yaani ubao. Ubao huo ukiuwekea chakula unapata meza, ukiuchora mistari na kuujaza tarakimu unapata jedwali. Wanafunzi wa vyuo, nawasihi: "Table 3" kwenye utafiti ni Jedwali la 3. Nimekwisha kuletewa kazi imeandikwa "Meza Na. 3 inaonesha umri wa wahojiwa", na msimamizi ameizungushia wino mwekundu. "List of tables" ni orodha ya majedwali. "Table of contents" ni yaliyomo. Zile "times tables" ndizo tebo tulizokariri shule ya msingi.

Hatua ya 3. Maneno yaliyozaliwa humo: "timetable" ni ratiba, "tablet" ni kidonge au kile kifaa cha kupangusa kwa kidole, "tablecloth" ni kitambaa cha meza.

Hatua ya 4. Likiwa kitendo, uliza kwanza barua imetoka nchi gani. Hapa tulieni.

Kwa Mwingereza, na kwetu tuliorithi taratibu za bunge lake, "to table" ni kuwasilisha jambo lijadiliwe. Kwa Mmarekani ni kinyume kabisa: ni kuliweka jambo kando, lisijadiliwe. Neno moja, herufi zile zile, moja linafungua mlango na jingine linaufunga.

Nililijua hili kwa hasara ya watu wengine. Kikundi cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo kiliomba fedha kwa wafadhili wa Marekani, wajenge vichanja vya kukaushia zabibu. Jibu likaja: "The board voted to table your request." Nikatafsiri bila kusita: "Bodi imepiga kura kuliwasilisha ombi lenu." Katibu wao, mama mtu mzima, aliniomba niisome mara ya pili. Kisha akaikunja ile karatasi mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kanga yake. Wiki ile ile kikundi kikatoa akiba yake kununua mirunda na nyavu. Miezi mitatu ikapita, kimya. Nilipoandika kuulizia, wakajibu kwa upole kwamba walikwisha kutuarifu tangu mwanzo: ombi liliwekwa kando. Mirunda ilikuwa imeshaanza kuliwa na mchwa. Nikapanda gari nikaenda kijijini kuwaeleza mwenyewe, kwa sababu kosa halikuwa la bodi wala la kikundi, lilikuwa langu.

Kwa hiyo shikeni haya. Msitazame ufasaha wa barua, tazameni mwandishi anatoka wapi. Mkishindwa kujua, msikisie, mwandikieni mumuulize: "Do you mean it will be discussed, or that it has been postponed?" Hakuna anayechukizwa na swali hilo. Na ninyi wenyewe mnapomwandikia Mmarekani, au kikao chenye watu wa pande zote mbili, neno hilo liacheni kabisa.

Wala msidhani ni ugonjwa wa sisi tuliojifunza Kiingereza darasani. Churchill ameeleza katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana muda mrefu, tena kwa ukali, juu ya "ku-table" waraka mmoja. Waingereza walitaka ujadiliwe haraka, Wamarekani wakidhani wenzao wanataka kuuzika. Mwisho wakagundua wote walikuwa wanataka jambo moja.

Hatua ya 5. Maneno ya kutumia badala yake. Ukikusudia kuwasilisha: "submit" ni kupeleka hati kwa mwenye mamlaka, kama unavyopeleka fomu ofisini ukasubiri. "Present" ni kuwasilisha ukiwa umesimama unaeleza. "Propose" ni kupendekeza. "Move" ni la mikutano: ile "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja" mnayoisikia kila siku redioni ndiyo "I beg to move". Ukikusudia kuweka kando: "postpone" na "defer" zinaacha matumaini ya siku nyingine, "shelve" ni kuliweka kabatini bila tarehe. Angalieni "adjourn". Kiswahili chetu kinasema kuahirisha kote kote, lakini "adjourn" kwa kawaida ni kuahirisha kikao chenyewe. Hoja iliyosogezwa mbele huku kikao kinaendelea ni "postponed" au "deferred".

Hatua ya 6. Misemo. "Turn the tables" ni kibao kugeuka. Kiingereza kiliutoa msemo huo kwenye mchezo wa dadu na kete unaochezwa juu ya ubao, unaoitwa backgammon, ambao zamani ukiitwa "tables". "Under the table" ni kwa siri, mara nyingi malipo yasiyo halali. "On the table" ni jambo ambalo bado linazungumzika, na hapo Mwingereza na Mmarekani kwa kawaida wanaelewana. Ni kitendo ndicho kinachowatenganisha.

Maswali sasa.

Kijana wa Ng'ong'ona: Mkuu, kwa hiyo table maana yake nini? Nina mtihani kesho.

Jibu: Hatua ya 2 na ya 4.

Kijana wa Ng'ong'ona: Nimeona ila ni ndefu. Nipe kwa kifupi tu.

Jibu: Tafsiri ya kifupi ndiyo iliyowatia hasara wale wakulima. Soma hatua ya 4.

Binti Kondoa: Shikamoo kaka. Kwenye taarifa rasmi za Bunge naona "Hati zilizowasilishwa mezani", halafu kuna "Katibu Mezani". Ni meza kweli au ni lugha tu?

Jibu: Marahaba dada, umeuliza vizuri. Ni meza kweli. Ipo mbele ya Spika, makatibu wanakaa hapo, ni utaratibu uliotoka Bunge la Uingereza. Kiswahili cha Bunge kimeifuata maana ya Kiingereza ile ile, ndiyo maana ukikumbuka "kuwasilisha mezani" hutapotea kwenye magazeti yetu. Na kwa kuwa unapenda kuchimba: kwenye Bunge la Marekani hoja ya "ku-table" ikipita, kwa kawaida jambo limekufa. Kwenye vyama na bodi zao za kawaida, zinazofuata kanuni alizozichapisha Henry Robert mwaka 1876, limewekwa pembeni kwa muda, linaweza kurudishwa.

Mdau Area C: Umepotosha. Kamusi ya simu yangu inasema ni kuahirisha, basi. Na mimi barua za Kiingereza naandika kila siku.

Jibu: Sijapotosha. Kamusi yako imewekwa Kiingereza cha Marekani. Nenda kwenye mpangilio, chagua cha Uingereza, utaona maana nyingine. Kamusi nzuri inaweka zote mbili na kuonesha ipi ni ya wapi. Kama unaandika kila siku, ndiyo sababu zaidi ya kuhakikisha.

Mwalimu wa Mpwapwa: Kaka, kuna "water table" kwenye jiografia. Wanafunzi wangu wamechora meza yenye ndoo juu. Nawaelezaje?

Jibu: Mwalimu, waanzishie na kisima. Ukichimba unapita udongo mkavu, kisha wenye unyevu, mpaka unafika pale ambapo matundu yote ya udongo na miamba yamejaa maji. Ule usawa wa juu wa maji ndio "water table". "The water table has dropped" maana yake maji ya ardhini yameshuka, lazima uchimbe zaidi. Wape mfano wa Makutupora: visima vya huko Mzakwe, kaskazini mwa mji, ndivyo vinavyoinywesha Dodoma kwa miaka mingi. Mvua ikiwa haba maji ya chini hayapati cha kuyarudishia, pampu zikiendelea kuvuta usawa unashuka. Wachoree ardhi iliyokatwa kwa pembeni na mstari wa maji, wataelewa siku hiyo hiyo.

Mwalimu wa Mpwapwa: Asante sana. Na wale wa Hombolo waliishia wapi?

Jibu: Niliwaandikia wafadhili upya, nikaomba ombi lirudishwe kikaoni. Wakatoa nusu. Vichanja sita vipo. Yule mama bado ananiletea barua zake, na kabla sijaifungua huuliza, "Hii imetoka nchi gani?"

Fundi Chapa: Niko nje ya mada kidogo. Jedwali langu likivuka ukurasa wa pili, vichwa vya safu vinabaki ukurasa wa kwanza. Nimekuwa navichapa upya kwa mkono.

Jibu: Usivichape, ukiongeza mstari mmoja juu vitashuka katikati ya ukurasa. Kwenye Word bofya mstari wa kwanza wa jedwali, ule wenye vichwa, nenda "Layout" ile iliyo karibu na "Table Design", bonyeza "Repeat Header Rows".

Fundi Chapa: Imekubali. Ila mstari mmoja wa jedwali umekatika nusu, nusu uko ukurasa mwingine.

Jibu: Hapo hapo "Layout", fungua "Properties", sehemu ya "Row", ondoa tiki kwenye "Allow row to break across pages".