Gari la kukodi na tozo ya Daraja la Kigamboni
Ukikodi gari Dar es Salaam na safari yako ni ya Kigamboni, amua njia kabla ya kuwasha injini. Daraja la Nyerere, ambalo ndilo Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016 kati ya Kurasini na Vijibweni, lina tozo kulingana na aina ya gari. Kivuko cha Magogoni nacho hulipiwa, tena kina foleni. Njia isiyo na tozo hupitia Mbagala na Kongowe, lakini kwa anayetoka Posta, katikati ya jiji, mzunguko huo hula mafuta na muda, hivyo mimi ningelipa darajani. Anayeanzia Mbagala hana sababu ya kurudi Kurasini. Muulize mwenye gari nani analipa tozo, jibu liandikwe kwenye mkataba, kisha tunza risiti.