Kununua na Kuendesha Gari la Kunyonya Majitaka Lililotumika Nchini Uganda

Mnunuzi wa lori la kawaida huanza kwa kutazama kilomita. Anayenunua gari la kunyonya majitaka hana budi kuanzia kwingine, kwa sababu gari hili hufanya kazi yake ngumu zaidi likiwa limesimama: injini inanguruma, pampu inavuta, na mita ya kilomita haisogei. Gari lililotembea kilomita 90,000 huenda injini yake imechoka kuliko ya lori lililotembea mara mbili ya hapo. Chukulia, basi, kwamba unanunua vitu viwili vyenye umri tofauti, yaani lori na mtambo uliobebwa na lori hilo, kisha ukague mtambo kwanza.

Ukubwa wa tangi utegemee wateja unaowalenga. Katika mitaa kama Bwaise na Kisenyi jijini Kampala, ambako vyoo vya shimo vimejificha nyuma ya nyumba zilizobanana, gari dogo la lita 3,000 au 4,000 hufika mahali ambapo lori kubwa haliwezi hata kukata kona. Shule, hoteli na majengo ya ghorofa huhitaji tangi kubwa zaidi, lakini hapo ndipo uzito unapoanza kuwa tatizo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 8 kwenye ekseli (mhimili wa magurudumu) ya usukani na tani 10 kwenye ekseli ya nyuma yenye matairi manne, hivyo lori la ekseli mbili haliwezi kuzidi tani 18. Ikiwa gari tupu lina tani 9 na tangi ni la lita 10,000, tayari umevuka kikomo kabla ya dereva na utingo kupanda, kwa kuwa kila lita 1,000 za majitaka zina uzito wa takriban tani moja. Jihadhari hasa na lori ambalo tangi lake lilichomelewa baadaye kwenye chesisi ambayo haikuundwa kulibeba.

Tangi lenyewe huliwa kutoka ndani, tena sehemu ya juu ambako macho hayafiki. Gesi ya haidrojeni salfaidi inayotoka kwenye majitaka huchanganyika na unyevu wa paa la tangi na kugeuzwa na bakteria kuwa asidi ya salfuriki, ambayo hula chuma polepole. Mimi mwenyewe niliwahi kununua gari lililong'aa kwa rangi mpya, na katika mwezi wa tatu paa likatoboka. Tangu hapo sinunui tangi lolote bila fundi kulipima unene kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, kwa sababu chuma kilichokonda kinaweza kubonyea ndani pampu inapovuta.

Baada ya hapo jaribu uvutaji. Funga vali zote, vuta hewa hadi geji isome hasi 0.6 kwa baa, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa, zima pampu, kisha subiri dakika kumi. Mshale ukirudi haraka, hewa inaingia mahali fulani, mara nyingi kwenye mpira wa mlango wa nyuma au kwenye vali. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wachache hulieleza: Kampala iko takriban meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni karibu baa 0.88, ilhali pwani ni baa 1.01. Pampu haiwezi kuvuta zaidi ya hewa iliyopo, kwa hiyo geji inayosoma hasi 0.95 mjini Kampala ni geji mbovu. Kwa sababu hiyo hiyo, hata pampu kamilifu haiwezi kuinua maji zaidi ya meta 9 hivi, na katika kazi halisi ukipata meta 5 au 6 ushukuru. Mteja mwenye shimo refu lililo bondeni aelezwe mapema.

Mwombe muuzaji avute maji halisi hadi tangi lijae, kwani mpira wa kuelea unaoziba njia ya hewa tangi linapojaa huonekana ubovu wake wakati huo tu. Ukishindwa kuziba, uchafu huingia kwenye pampu na kuharibu vibao vinavyoteleza ndani yake. Fungua pia chujio la pampu; ukikuta tope kwenye oili, ujue tatizo hilo limeshatokea.

Kuhusu karatasi, linganisha namba ya chesisi na kadi ya gari, hakikisha kwa Mamlaka ya Mapato kwamba hakuna deni la kodi, na uulize kwenye daftari la dhamana za mali zinazohamishika, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2019, kama gari limewekwa rehani. Ukiagiza kutoka Japani, usukani utakuwa kulia kama tunavyohitaji, lakini kumbuka kwamba sheria ya 2018 ilizuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, ikiacha nje baadhi ya aina za magari, hivyo uliza kwanza kama inaligusa gari la aina hii. Kubeba taka kunahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Omba yako, wala usitegemee ya mwenye gari wa awali.

Katika uendeshaji, adui wa kila siku ni takataka zilizotupwa chooni. Nguo, chupa na nywele huziba bomba, hivyo utingo azitoe kwanza kwa ndoana ndefu, akiwa amevaa glavu na buti, tena awe amechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B na pepopunda. Mtu yeyote asiingie shimoni wala ndani ya tangi, hata kwa dakika moja kuokota kitu kilichoanguka. Haidrojeni salfaidi ikizidi huua hisi ya kunusa, na mtu hudhani gesi imekwisha wakati ndiyo inamwangusha. Majitaka yapelekwe kwenye mtambo wa kusafishia, kama ule wa Lubigi ulio kando ya barabara ya Hoima. Gharama ya kumwaga na foleni ya hapo uihesabu kwenye bei ya kila safari.

Siku ya kwanza unapolipokea gari, funga mita ya saa inayohesabu muda ambao pampu inafanya kazi, na ubadilishe oili ya injini na ya pampu kwa kufuata saa hizo, kilomita zisomwe kwa ajili ya matairi na breki.