Siagi ya karanga kutoka Arusha hadi Nairobi: jinsi ya kuyatumia mafunzo ya SIDO

Kabla ya kujiandikisha kwa mafunzo ya SIDO, shirika la serikali ya Tanzania la kuhudumia viwanda vidogo, chagua bidhaa moja na soko moja. Hapa tuchukue siagi ya karanga inayovukia Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Anayekwenda mafunzoni na bidhaa sita hurudi na daftari lililojaa, basi.

Anzia ofisi ya SIDO ya mkoa wako. Usiombe "ujasiriamali" kwa jumla. Omba usindikaji, vifungashio na upangaji wa bei. Beba kopo lako, lebo na daftari la gharama. Ukimaliza, omba barua ya utambulisho ya kwenda TBS (Shirika la Viwango Tanzania), maana ndiyo inayomfungulia mjasiriamali mdogo unafuu wa gharama za kuthibitisha ubora. Cheti cha mahudhurio hakimshughulishi afisa wa forodha.

Kwenye bei ndiko wengi wanakoumia. Tuseme umenunua karanga kilo 20 kwa Sh 4,000 kila kilo: Sh 80,000. Ukigawa kwa makopo 50 ya gramu 400 unapata Sh 1,600, ila makopo hayo 50 hayapo. Ukishachambua, kukaanga na kupepeta maganda, zikabaki kilo 17, una makopo 42. Karanga peke yake imeshafika Sh 1,905 kwa kopo, bado kopo lenyewe, umeme, vibarua na nauli. Mkalishe mkufunzi mpige hesabu hii kwa namba zako, si za ubaoni.

Kisha sumukuvu (aflatoksini), sumu inayotokana na ukungu. Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na kukaanga hakuimalizi. Toa karanga zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu kabla hazijaingia kikaangoni. Mashine ikishasaga huwezi tena kuzitenga. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sumu hiyohiyo.

Lebo ioneshe viambato, uzito halisi, anwani ya mzalishaji, nchi ilikotengenezwa, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Supamaketi zitadai na bakodi. Za Tanzania huanza na 620.

Mzigo usiozidi dola 2,000, kama bidhaa imo kwenye orodha ya pamoja ya Tanzania na Kenya, hupita kwa utaratibu rahisi: unajaza cheti rahisi cha uasili, kinachoonesha bidhaa imetoka nchi gani, palepale mpakani. Kinakuondolea ushuru wa forodha tu. Ukaguzi wa ubora uko palepale, kwa hiyo nakala ya leseni ya ubora ya TBS isafiri na mzigo, isibaki ofisini.