Mwenzako wa chumba anavuta au anakunywa: ufanyeje

Huu ni mwaka wangu wa tatu dahalia, huku Tunguu, Unguja, chumba cha watu wanne. Miwili ya mwanzo nilivuta sigara. Nakuandikia wewe uliyegundua kwamba mwenzako anavuta au anakunywa, na hujui uanzie wapi.

Mimi nilijulikana kwa karafuu. Nilikuwa naweka mbili tatu mfukoni mwa shati. Nikishavuta nyuma ya tangi la maji natafuna moja, nanawa vidole kwa sabuni ya kufulia, ndiyo narudi chumbani. Karafuu juu ya moshi haifichi kitu. Wenzangu walijua mwaka mzima wakanyamaza, wakiona wananisitiri.

Hapa ndipo tunapokosea sana. Ulevi kwetu ni aibu ya mtu na wazazi wake, kwa hiyo anayekunywa hanywi dahalia. Hupanda gari akaenda mjini au upande wa hoteli za watalii, akarudi usiku kimyakimya, nasi tunasema "yake na Mungu wake". Kumhukumu si kazi yetu, kweli, na aibu ya mwenzako usiitangaze. Ila kuna usiku ambao kunyamaza kutamuua. Akirudi hajiwezi, usimwache alale chali ukazima taa. Mlaze ubavu, ili akitapika asipaliwe na matapishi yake. Kahawa haimwondolei ulevi, na maji ya baridi yatamzidishia baridi mwilini. Kaa naye. Ukimwita haamki, au pumzi zinakuja mojamoja kwa kusitasita, au ngozi imekuwa ya baridi, mpelekeni hospitali usiku uleule na mumwambie daktari ukweli: kanywa nini, kiasi gani, tangu saa ngapi. Mtaogopa atajulikana. Na ajulikane.

Sigara inakupa muda wa kupanga maneno. Mwambie mkiwa wawili tu, na usianzie kwa mama yake wala kwenye kundi la WhatsApp la chumba. Aliyeniambia mimi alingoja tukatoka kusali Isha, tukakaa barzani na kahawa, akaniuliza, "Kaka, kwa siku unavuta ngapi?" Hakuniuliza kama navuta, basi sikupata pa kukanushia. Nikamwambia sita, siku za mitihani kumi. "Na ya kwanza saa ngapi?" Nikasema, nikiamka tu, kabla sijanywa chai.

Swali hilo la pili liulize na wewe. Anayewasha ndani ya nusu saa tangu kuamka, nikotini imeshamshika, na kumtia haya hakutamwachisha. Akikwambia yeye ni shisha tu, na inanukia tofaa, mweleze kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2005: saa 1 ya shisha humvutisha mtu moshi wenye ujazo mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja.

Akikubali kuacha, chagueni siku iliyo mbali na mitihani. Siku 3 za mwanzo ndizo nzito. Hamu huja kama wimbi, ikakaa dakika chache, ikapita. Kazi yako ni kumvusha dakika hizo. Mwenzangu alikuwa na ndoo ya bluu. Akiniona natikisa mguu tu, ananitupia: "Haya, twende tukachote maji." Tulijaza mapipa ya watu tusiowajua. Atakuwa mkali, atakujibu vibaya, mnyamazie. Akiteleza akavuta moja, usimwambie kaharibu yote, endeleeni palepale mlipofika.

Mimi niliteleza siku ya pili, nyuma ya tangi lilelile, na nikamwambia mwenyewe. Hakusema kitu, alichukua ndoo. Siku ya tano nilipoamka nilikunywa chai kwanza.