SOMO: Kuchagua hedifoni zisizochosha na maiki inayosikika vizuri kwenye kompyuta

Wakuu, salaam. Kila wiki swali ni lile lile: "Nichukue hedifoni gani?" Muulizaji hasemi atazivaa saa ngapi, atazungumza au atasikiliza tu, wala kompyuta yake ina matundu gani. Nimeamua kuandika yote mara moja, na kuanzia leo nitakuwa naelekeza watu hapa. Sitaji kampuni, maana matoleo yanabadilika kila mwaka.

Kabla ya hatua, shikeni hili: hedifoni unajinunulia wewe, maiki unamnunulia anayekusikiliza. Mtu anaweza kukipenda kifaa chake mwaka mzima huku wenzake kwenye vikao wanaumia na hawamwambii. Kwa hiyo pima kila kimoja peke yake, hata kama vimeungana.

Hatua ya 1: Hesabu saa. Chini ya saa moja kwa siku, karibu chochote kitakufaa. Saa tatu na kuendelea, usiruke mstari wowote hapa chini.

Hatua ya 2: Umbo. Zipo za kuingia ndani ya tundu la sikio, za kukaa juu ya sikio, na za kulizunguka sikio lote. Kwa kazi ndefu chukua za kuzunguka. Zile za kukaa juu zinalibana sikio kichwani, na baada ya muda linauma, hasa kwa mwenye miwani. Hakikisha sikio lako lote linaingia ndani ya kikombe na haligusi kitambaa cha ndani. Halafu tazama nyuma ya kikombe: kuna mgongo wazi na mgongo uliofungwa. Mgongo wazi hupitisha hewa, hauchemshi masikio, na unaisikia sauti yako ukizungumza, ila sauti inavuja nje na kelele zinaingia. Uko peke yako chumbani, chukua mgongo wazi. Mko wengi, chukua uliofungwa.

Hatua ya 3: Uzito, kubana na sponji. Gramu 250 au pungufu ni salama kwa watu wengi. Zikipita 350, upinde wa juu uwe mpana na wenye sponji nene, la sivyo utosi utauma kabla ya shingo. Ngozi ya bandia huzuia kelele lakini hutoa jasho. Kitambaa cha mahameli hupumua lakini hupitisha kelele. Wenye miwani tafuteni sponji nene na laini, kwa sababu mkono wa miwani hufungua upenyo na besi (sauti nzito) inavujia hapo. Ukizijaribu, zivae dakika ishirini bila kuzigusa. Dakika mbili hazikuambii kitu, kwa kuwa maumivu ya kubanwa huja polepole. Na uliza kama sponji zake zinabadilishwa, maana ndizo zitakazotangulia kuchakaa.

Hatua ya 4: Namna ya kuunganisha. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, someni taratibu.

Tazama pini ya milimita 3.5. Ikiwa na mistari miwili ya mzunguko, imebeba sauti ya kushoto, ya kulia na waya wa ardhi, maiki haimo. Ikiwa na mistari mitatu, maiki imo. Sasa kompyuta nyingi za mezani zina tundu la kijani la kusikiliza na la waridi la maiki. Ukichomeka pini ya mistari mitatu kwenye la kijani, utasikia lakini hutasikika. Unahitaji adapta ya kugawa pini mbili. Na ukiongeza waya wa kurefusha wenye mistari miwili, maiki inafia njiani. Za USB hazina shida hii, kwa kuwa zina kadi yao ya sauti ndani.

Mtego mkubwa ni Bluetooth. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za sauti. Ya kwanza, A2DP, ni ya muziki: sauti pana, kushoto na kulia, lakini inakwenda upande mmoja tu, haina maiki. Ya pili, HFP, ni ya simu: inakwenda na kurudi, lakini sauti ni ya mono (kushoto na kulia kitu kimoja) na inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, au 16,000 kwa vifaa vya karibuni. CD ya muziki ni mara 44,100. Programu yoyote ikifungua maiki ya hedifoni, kompyuta inahama kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili, na muziki, gemu, hata sauti za wenzako vyote vinafifia papo hapo.

ONYO: kifaa si kibovu. Usifute madereva (programu zinazoendesha vifaa), usiweke upya mfumo mzima, usigombane na muuzaji. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, uchague maiki nyingine (ya laptopu yenyewe, au ya USB ya mezani), uziache hedifoni zifanye kazi ya kusikilizisha tu. Au nunua zisizo na waya zinazokuja na kipokezi chao cha USB cha 2.4 GHz, hizo hazipiti njia ile.

ONYO LA PILI: LE Audio, njia mpya ya sauti ya Bluetooth yenye kodeki (namna ya kubana sauti) ya LC3, imekuja kutibu tatizo hili, ila lazima hedifoni, kompyuta na mfumo wake vyote viikubali. Boksi kuandikwa Bluetooth 5.2 au zaidi peke yake si ushahidi. Tafuta maneno "LE Audio" yenyewe.

Hatua ya 5: Maiki. Mahali ilipo kuna nguvu kuliko bei yake. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti yako hupungua takriban desibeli 6, lakini kelele za chumba zinabaki pale pale. Ndiyo maana maiki ya kijiti (kile kinachotoka kwenye hedifoni) ya kawaida kabisa, ikiwa vidole viwili kutoka pembe ya mdomo, huishinda maiki ghali iliyowekwa nyuma ya kibodi. Iweke pembeni, isiwe mbele ya midomo, maana pumzi za P na B zitaipiga. Ukitaka ya mezani, chukua inayosikia upande mmoja. Chumba chenye kelele kinataka maiki ya dainamiki (isiyodaka sana sauti za mbali) iliyo karibu na mdomo. Chumba kitulivu kinaivumilia ya kondensa (inayodaka hata sauti ndogo).

Hatua ya 6: Kiwango. Ongea kwa sauti yako ya kila siku, vilele vya kipimo cha sauti kwenye programu ya kurekodia vifike karibu na -12 dB. Jirekodi, usikilize. Usiruke hili.

Hatua ya 7: Masikio. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Kama unapandisha sauti ili kushinda kelele, tatizo ni umbo ulilochagua. Rudi hatua ya 2.

Maswali sasa.

---

Mgeni Hapa: Mkuu somo zuri ila refu. Nitajie moja tu nzuri nikanunue.

Jibu: Saa ngapi kwa siku? Unazungumza? Matundu gani? Ukijibu hayo matatu nitakusaidia.

Kijana wa Gemu: Nina za Bluetooth, muziki safi, nikiingia kuongea na wenzangu zinakuwa kama redio mbovu. Nimeuziwa feki?

Jibu: Hatua ya 4, onyo la kwanza.

Kijana wa Gemu: Nimebadilisha maiki kwenye mipangilio, imekubali! Asante mkuu.

Bila Waya Daima: Naona unawapigia debe wa waya. Dunia imeshahama.

Jibu: Nimetaja njia za bila waya zinazofanya kazi, ziko pale juu. Nilichokataa ni mtu kutumia pesa kwa kuamini boksi, halafu asisikike kwenye usaili wa kazi. Hilo sitaliacha.

Mwalimu wa Mbali: Nina swali la kutaka kujua tu. Kwa nini nikivaa zile zilizofungwa najikuta napaza sauti, na nikimaliza kufundisha koo limechoka?

Jibu: Swali zuri sana hili. Masikio yakizibwa, sauti yako inayopita hewani hupungua, na ile inayopita kwenye mifupa husikika nzito, kama unaongea ndani ya pipa. Ubongo unadhani hausikiki, unaongeza nguvu. Dawa ziko tatu. Kwanza, baadhi ya hedifoni za USB zina uwezo wa kukurudishia sauti ya maiki yako masikioni. Tafuta kwenye programu yake au kwenye mipangilio ya sauti. Pili, chukua za mgongo wazi kama mazingira yanaruhusu. Tatu, la haraka, sogeza kikombe kimoja nyuma ya sikio unapofundisha. Ukitumia dawa ya kwanza, hakikisha sauti hairudi kwa kuchelewa, maana hata kuchelewa kidogo kunakufanya ugugumize.

Sikio Moja: Mimi sikio la kushoto halisikii kabisa. Muziki na filamu nakosa nusu. Kuna hedifoni maalumu?

Jibu: Huhitaji maalumu, ndugu. Kwenye Windows, macOS, na simu za Android na iPhone, kuna sehemu ya ufikivu (Accessibility) yenye chaguo la sauti ya mono. Ukiliwasha, kushoto na kulia vinachanganywa na vyote vinafika sikio lako zima. Kwa vikao, zipo hedifoni za kikombe kimoja chenye maiki. Nyingi huvaliwa upande wowote kwa kuzungusha kijiti. Lilinde sana hilo moja, hatua ya 7 inakuhusu kuliko wengine wote.

Fundi Jukwaa: Nina maiki ya jukwaani, nimeipachikia adapta ya pini ndogo, sauti haisikiki. Kompyuta imekufa?

Jibu: Haijafa. Maiki ya dainamiki inatoa umeme mdogo mno, na tundu la kompyuta limetengenezwa kwa vimaiki vya elektreti (vile vidogo vinavyopewa umeme na tundu lenyewe). Unahitaji kadi ya sauti ya nje yenye tundu la XLR (la duara, la pini tatu). Ukiipata hiyo na baadaye ukanunua ya kondensa, washa umeme wake wa volti 48.

Mhariri Sauti: Naongezea. Maiki ikikaa mezani, kila bonyezo la kibodi linapita kwenye mbao. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya kisimamo, au tumia mkono wa kubana ukingoni mwa meza.

Jibu: Kweli kabisa. Na kibodi iwe nyuma ya maiki, upande usiosikia.

Mgeni Hapa: Saa sita kwa siku, nazungumza muda mwingi, laptopu ina USB na tundu moja la 3.5. Nafanya kazi sebuleni, na watoto wapo.

Jibu: Sasa tunaelewana. Chukua za USB za waya, za kuzunguka sikio, mgongo uliofungwa, chini ya gramu 300, zenye maiki ya kijiti inayosikia upande mmoja. Kama una miwani niambie, nikuongezee la sponji.

Mgeni Hapa: Ninayo, fremu nene.

Jibu: Basi sponji nene na laini, yenye ngozi nje na mahameli inapogusa uso. Nenda ukajaribu umevaa miwani hiyo hiyo.