Somo: Kuomba amri ya korti inayomzuia mtu kumkaribia mtoto

Assalaam aleikum wanachama. Kina mama wengi hapa Malindi hurudi kutoka kortini na karatasi inayosema tu "asimsumbue mtoto". Neno kusumbua kila mtu ana maana yake, na mwenye nia mbaya ataipindua.

1. Kama mtoto amenajisiwa, mkimbize hospitali kabla saa 72 hazijapita. Usimwogeshe, usifue nguo zake. Kisha nenda polisi, dawati la jinsia, uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Simu 116, ya msaada kwa watoto, haina malipo.

2. Anayezuiwa ni nani? Akiwa wa nyumbani, mfano baba wa kambo, omba amri ya ulinzi chini ya sheria ya ukatili wa nyumbani ya 2015. Hakimu aweza kutoa amri ya muda hata kabla mlalamikiwa hajasikizwa. Akiwa jirani aliyeshtakiwa, muwahi kiongozi wa mashtaka kabla dhamana haijatolewa, aombe masharti ya kumzuia asimkaribie mtoto. Sheria ya waathiriwa ya 2014 inataka usalama wao uangaliwe.

3. Hati ya kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi unayoyaapia. Hapa msiharakishe jamani, tajeni kila mahali mtoto apitapo. Niliketi na mama mmoja wa Maweni, akachora mchangani kwa kijiti njia ya bintiye: mlango wa uani, bomba la maji, madrasa, duka la mkate. Kila alipogusa, niliandika. Amri ilipotoka, hata bomba limetajwa.

4. Toa nakala za amri: shule, madrasa, mzee wa mtaa, kituo cha polisi.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Wazee wamekaa, faini imelipwa, nashurutishwa niondoe kesi ya unajisi.
– Marahaba mwanangu. Kesi hiyo si yako wala ya wazee. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 kinamwachia Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uamuzi huo. Waambie hivyo, bila woga.

Akivunja amri ya ulinzi?
– Ni kosa: faini hadi shilingi 100,000, au jela hadi miezi 12, au vyote viwili. Piga ripoti siku hiyo hiyo, na nakala mkononi.

Aliyemdhuru mwanangu amefungwa, lakini atatoka.
– Pole sana dada. Kifungu cha 39 cha Sheria hiyo ya Makosa ya Kijinsia kinairuhusu korti kumtangaza mkosaji hatari na kumweka chini ya uangalizi wa muda mrefu akishatoka. Kumdhuru mtoto ni sababu tosha. Amri hiyo huwa sehemu ya hukumu, basi omba nakala ya hukumu masijala. Njoo nayo tuisome pamoja.